Maabara za mbali za netiweki: kabla chuo hakijalipia, ulizeni kitufe cha umeme kiko wapi

Wadau salama. Naona watu wanaulizana kama hizi maabara za mbali za kufundishia netiweki vyuoni zina maana yoyote au ni ujanja tu wa chuo kukwepa kununua vifaa. Mi nimetumia mbili tofauti kwa muda wa kutosha, moja nikiwa mwanafunzi na nyingine nikiwa nasaidia kusimamia vipindi vya vitendo, kwa hiyo naandika nilichokiona. Majina ya huduma zenyewe sitaji maana kuna mahali nitalalamika, nitaziita ya kwanza na ya pili, na ukishajua cha kukagua hata hayo majina huyahitaji.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, mambo yako hivi. Mahali fulani kuna raki (fremu ya kupangia vifaa) yenye ruta na swichi za kweli, kila kifaa kina kebo inayotoka kwenye poti yake ya konsoli, yaani tundu la kukiongoza kifaa moja kwa moja bila kupitia mtandao wake, kwenda kwenye seva ya konsoli, na waya wake wa umeme umechomekwa kwenye soketi inayoweza kuzimwa na kuwashwa kupitia mtandao. Wewe unafungua brauza, unalogini, unabuku muda kwenye kalenda, saa yako ikifika unaletewa mchoro wa topolojia, tuseme ruta tatu, swichi mbili na kompyuta mbili ambazo kwa kawaida ni mashine pepe (kompyuta za programu tu ndani ya seva), unabofya kifaa, dirisha jeusi linafunguka na hapo unaongea na ruta kama umekaa mbele yake. Nyuma ya pazia mara nyingi kuna programu kama Apache Guacamole, ambayo kazi yake ni kukuletea SSH (njia ya kuingia kwenye kifaa kwa maandishi kupitia mtandao) au dawati la mbali ndani ya brauza bila kuinstoli chochote. Muda ukiisha mfumo unatakiwa kusafisha vifaa na kumwandalia anayefuata. Nimesema unatakiwa, tutafika huko.

Sasa kiini cha rivyuu yangu ni hiki. Maabara nzuri haijulikani kwa wingi wa ruta wala kwa uzuri wa mchoro, inajulikana kwa swali moja, je, mwanafunzi anaweza kuharibu kifaa alafu akakirudisha mwenyewe bila kumtafuta mtu? Hilo linategemea vitu viwili, konsoli ya kweli, na ruhusa ya kuzima na kuwasha umeme wa kifaa. Vingine vyote mi naviona mapambo.

Ya kwanza ilikuwa navyo vyote viwili. Unabofya ruta, unachagua zima, alafu washa, na kwenye konsoli unaona kila kitu toka mwanzo, ile mistari ya bootstrap, alama za reli ######## zinajaza skrini wakati IOS, mfumo endeshi wa vifaa vya Cisco, inajifungua kutoka kwenye flashi, kimya kirefu, alafu mwisho lile swali la "Would you like to enter the initial configuration dialog?" na wewe unaandika no. Inachukua dakika kadhaa na mwanafunzi mgeni anadhani kifaa kimekufa, anaanza kubonyeza Enter kama mtu anayegombana na mlango, na ukimwambia subiri haamini. Hicho kipande tu cha kusubiri kina thamani, maana kazini ruta ikizimika watu watakuwa wamesimama nyuma yako wanauliza imerudi au bado, na anayejua kifaa kinawaka kwa hatua gani hachanganyikiwi. Ukitokea kwenye simuleta hii hujawahi kuiona kwa uzito wake.

Ya pili ilikuwa ya SSH peke yake. Unapewa anwani ya usimamizi ya kila kifaa na paswedi, basi. Kwa mada za mwanzo hutaona tofauti, siku ya ACL, ile orodha ya kuruhusu na kuzuia trafiki, ndo utajua. Kila ACL inaishia na deny (kataa vyote) ambayo haiandikwi na haionekani, na darasa lolote la watu ishirini lina wawili watatu ambao wataibandika kwenye ile ile intafesi wanayopitia wao wenyewe. Dirisha linaganda. Ruta ipo hai, inapitisha trafiki vizuri kabisa, ila hamna wa kuifikia, na kitufe cha umeme kipo kwa admini wa huduma, admini anapatikana kwa tiketi, tiketi inajibiwa kesho yake, na muda uliobuku unaendelea kuhesabika hapo juu kwenye kona ya skrini huku mwanafunzi anaangalia. Tukaishia kuwafundisha "reload in 10" kabla hata ya kugusa ACL, yaani unaiambia ruta ijiwashe upya baada ya dakika 10, ukijifungia nje inarudi na konfigi (mipangilio) ya zamani maana hukuwa umeseva, mambo yakienda sawa unaandika "reload cancel" unaendelea. Ni mbinu nzuri na wahandisi wanaitumia kweli wakiwa mbali na kifaa, sikatai, lakini kuifundisha kwa sababu huduma imekunyima konsoli ni jambo lingine.

Alafu kuna somo la kurudisha ruta ambayo paswedi yake imepotea, hili ndo kipimo changu cha mwisho. Kwenye ruta za Cisco unatakiwa uzime umeme, uwashe, alafu mapema kabisa wakati inaanza kuamka utume ishara ya Break ili ikutupe kwenye ROMMON, programu ndogo inayoamka kabla ya IOS, hapo unaandika "confreg 0x2142" na "reset" ili iwake bila kusoma konfigi iliyosevuliwa, ukiingia unaileta konfigi kwa mkono, unabadili paswedi, unarudisha rejista, yaani ile namba ya confreg, kuwa 0x2102, unaseva. Na watu wengi wanakwama hapo mwishoni, kila kitu kipo lakini hamna kinachopingi (hakuna kifaa kinachomfikia mwenzake), kwa sababu intafesi zilikuwa zimezimwa ruta ilipowaka tupu na ile konfigi uliyoileta haina mstari wa "no shutdown", lazima uziwashe moja moja. Sasa fikiria hilo somo bila kitufe cha umeme. Haliwezekani. Na hata ukiwa na kitufe, Break sio herufi, brauza nyingi haziipitishi, kwa hiyo mtoa huduma lazima awe ameweka kitufe maalumu cha kuituma. Ya kwanza walikiweka, kidogo kidogo pembeni ya dirisha, unaweza kupita semista nzima hujakiona. Kwa swichi hata wao walinyoosha mikono, maana Catalyst 2960 kwa mfano inataka mtu ashikilie kitufe cha Mode kwa kidole wakati inawaka, na kidole hakipiti kwenye intaneti. Karatasi ya zoezi ilisema wazi kwamba sehemu hii mtaangalia kwa video, na mi nawasifu kwa kutodanganya.

Turudi kwenye usafi. Kuna siku utaingia kwenye swichi ambayo mfumo unasema imeresetiwa, unaandika "show vlan brief" unakutana na VLAN 10 SALES na VLAN 20 HR za mtu usiyemjua, yaani migawanyo ya swichi kuwa mitandao tofauti aliyoitengeneza yeye. Sababu ni kwamba "erase startup-config" haigusi VLAN, zenyewe zinakaa kwenye faili la vlan.dat ndani ya flashi na lazima ulifute peke yake kabla ya kuwasha upya. Huduma inayojua kazi yake inalifuta yenyewe kila muda wa mtu ukiisha. Kwenye ya pili walikuwa hawalifuti, na mbaya zaidi swichi nyingine ilibaki na domeni ya VTP (itifaki ya swichi kugawiana orodha ya VLAN) na namba kubwa ya marudio, ile inayopanda kila orodha ikibadilishwa, sasa kwenye VTP toleo la 1 na la 2 swichi yenye namba kubwa ndo inaaminiwa na wenzake wa domeni ile ile, kwa hiyo ukiweka tranki tu (kiungo kinachobeba VLAN nyingi kati ya swichi) VLAN ulizotengeneza zinapotea zinakuja za mwenzako. Darasa lilipiga kelele siku hiyo acha tu. Lakini niwe mkweli, lile ndo lilikuwa somo bora la VTP la semista nzima na halikuwa kwenye mtaala.

Kusubiri nako. Packet Tracer, simuleta ya Cisco, ina kitufe cha kuharakisha muda, bonyeza, STP (itifaki ya kuzuia mizunguko kati ya swichi) imetulia, taa za kijani. Kwenye swichi ya kweli poti inakaa sekunde 15 inasikiliza na 15 nyingine inajifunza kabla haijapitisha chochote, na mashine iliyoomba anwani kwa DHCP, seva inayogawa anwani, katikati ya hapo inaweza kukata tamaa na kujipa ile ya 169.254. Mwanafunzi anakimbilia seva ya DHCP, anaifuta, anaiandika upya, wakati tatizo ni poti ilikuwa haijafunguka. Ukimwonyesha PortFast, inayoruka kusubiri huko, baada ya hapo huhitaji kumweleza kazi yake mara mbili.

Kinachokosekana ni kebo, na hapo hamna huduma itakayokuokoa. Kuchomeka kebo kwenye mchoro maana yake nyuma kuna swichi ya kudhibiti inayobadilisha VLAN kukuunganishia poti mbili, au kebo zilishachomekwa zamani na hazibadiliki. Hutajua kebo ya konsoli inafananaje, hutashika kiunganishi kilicholegea, hutaona taa ya poti ikibadilika rangi. Wengine wameweka kamera inaonyesha raki moja kwa moja, mi naona inasaidia kidogo siku ya kwanza kwa watu kuamini kwamba kuna vifaa kweli, baada ya hapo hamna anayeifungua. Kwa laini za siriali kuna faida ndogo ya ajabu, kwa kuwa huwezi kusoma maandishi ya DCE (upande unaotoa mapigo ya saa) kwenye kebo unalazimika kuandika "show controllers" ili ujue upande gani unatakiwa kuwekewa clock rate, na hiyo amri wanaokaa na vifaa mkononi wengi hawaijui.

Kuhusu bando na kasi, hapa maabara za mbali zinashinda waziwazi. Konsoli ni maandishi tu, inakula data kidogo mno, intaneti dhaifu inaibeba, herufi zitachelewa kutokea lakini kazi inaenda. Linganisha na kujijengea GNS3, programu ya kuendesha ruta pepe, kwenye laptopu, unahitaji RAM, unahitaji mafaili ya IOS ambayo lazima uwe na leseni nayo, na ukitumia Dynamips, injini yake ya kuiga ruta za zamani, bila kuweka thamani ya Idle-PC (inayoipumzisha prosesa ruta isipokuwa na kazi) prosesa inapanda mpaka mwisho na feni inalia kama inaomba msaada. Ila angalia zile mashine pepe zenye dawati la picha, hizo ndo zinakula bando, na mi nilikuwa nafanya kila kinachowezekana kwenye konsoli nafungua dawati mwishoni tu kwa ajili ya Wireshark, ile ya kukagua pakiti.

Jambo dogo ambalo hakuna anayekwambia: kukopi na kupesti. Konsoli kwa kawaida ni biti 9600 kwa sekunde, biti 8 za data, bila usawa, biti moja ya kusimama, ukipiga hesabu ni kama herufi 960 kwa sekunde, na ruta yenyewe inachelewa kuchakata kila mstari, kwa hiyo ukimwaga konfigi ndefu kwa mkupuo inameza baadhi ya herufi. Unaona "p address" badala ya "ip address" na lundo la makosa, na kama hukuweka "no ip domain-lookup" neno lililokosewa ukiwa nje ya modi ya konfigi ruta inakwenda kulitafuta kwenye DNS (seva ya majina) huku wewe umekodoa macho. Programu za kawaida za konsoli zina sehemu ya kuweka ucheleweshaji kati ya mstari na mstari, madirisha ya kwenye brauza mengi hayana. Pesti vipande vifupi. Weka na "logging synchronous" kwenye konsoli ili ujumbe wa ruta usikatize unachoandika, utanishukuru.

Kubuku muda ni shida yake yenyewe. Wiki za katikati ya semista kalenda iko wazi, wiki ya mtihani jioni zote zimejaa na nusu ya waliobuku hawatokei. Ya kwanza walikuwa na kanuni kwamba usipoingia ndani ya muda fulani nafasi inaachiwa, ya pili hawakuwa nayo na raki ilikaa tupu watu wakiwa nje wanalalamika. Pia kalenda moja ilikuwa inaonyesha UTC, sio saa za hapa, bila kusema popote, kwa hiyo wapo waliofika saa zao bado hazijafika. Chuo kinachotaka kulipia kiulize wanafunzi wangapi wanaweza kuwa ndani kwa wakati mmoja, maana bei wanakupa kwa idadi ya akaunti lakini kinachouma ni idadi ya raki.

Vifaa vingi ni vya zamani, hilo lijue. Sio dhambi, OSPF (itifaki ya ruta kuambizana njia) ya kwenye ruta kuukuu ni OSPF ile ile, kwa kawaida helo kila sekunde 10 na jirani anatangazwa amekufa baada ya 40. Tabu inakuja kwenye SSH, mashine pepe ina Linux mpya, ruta ina IOS ya kale, unajaribu kuingia unaambiwa hawajakubaliana njia ya kubadilishana funguo. OpenSSH toka toleo la 7.0 la mwaka 2015 imezima diffie-hellman-group1-sha1, mojawapo ya njia hizo, kwa sababu ni dhaifu, na ruta yako haijui nyingine. Karatasi ya zoezi ilikuwa inasema washa SSH kisha ingia, haikusema neno kuhusu hili, na watu walipoteza kipindi kizima wakidhani wamekosea kutengeneza funguo za RSA.

Na jamani msishtuke "ping 8.8.8.8" ikigoma. Raki imetengwa na intaneti makusudi, maana mamia ya wanafunzi wenye haki zote kwenye vifaa vilivyounganishwa nje ni balaa linalosubiri siku.

Sasa je, lazima vifaa vya kweli? Kuna huduma nyingi siku hizi zinajiita maabara za mbali na ndani yake ni vifaa pepe vitupu, EVE-NG au Cisco Modeling Labs imewekwa kwenye seva kubwa unaingia kwa brauza. Kwa ruti, yaani kupanga njia za pakiti, hiyo inatosha kabisa, OSPF na BGP (itifaki ya njia kati ya mitandao mikubwa) za kwenye kifaa pepe hazina tofauti utakayoiona, na unaweza kuwa na ruta kumi badala ya tatu, hamna foleni. Na kama mwalimu anataka BGP ya bure kabisa, containerlab (ya kujenga mtandao wa kontena) na FRRouting (ruta ya programu, FRR kwa kifupi) kwenye mashine moja ya Linux inafanya kazi bila kulipa mtu, ila amri za FRR zinafanana na za Cisco bila kuwa zenyewe, na intafesi zenyewe zinatengenezwa upande wa Linux, hapo wanaosomea mtihani wa CCNA, cheti cha Cisco, huwa wananuna. Kwa swichi, kuwaka kwa kifaa, paswedi iliyopotea na mambo ya siriali, hapo lipia raki ya kweli au usilipie kitu. Na mwanafunzi ambaye hajawahi kuandika "enable" maishani mwake asianzie raki ya mbali, aanzie Packet Tracer, ni bure ukiwa na akaunti ya Networking Academy ya Cisco, akosee humo apendavyo, maana muda wa raki ni ghali kuumalizia kwenye kutafuta tofauti ya modi moja na nyingine.

Kwa walimu. Dirisha la konsoli linaweza kufunguliwa na watu wawili wakaona kinachoandikwa kwa wakati mmoja, hiki kwangu ni kitu kitamu kuliko hata kukaa chumba kimoja, mwanafunzi anaandika, wewe uko mbali unaona anasita wapi. Ila msiweke wanne kwenye raki moja, mmoja ataandika na watatu watakuwa abiria. Na hizo karatasi za mazoezi zinazotoa kila amri mstari kwa mstari zitupeni. Karatasi iliyofanya kazi kuliko zote ilikuwa na sentensi mbili, mtandao huu ulikuwa unafanya kazi jana, leo kompyuta A haimwoni B, na mfumo ulikuwa umepakia konfigi zenye makosa manne kabla hujaingia. Moja lilikuwa MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) isiyolingana kati ya ruta mbili, majirani wa OSPF wanakwama kwenye EXSTART, hatua ya mwanzo ya kubadilishana taarifa, huku ping ya kawaida inapita vizuri, watu walikaa nalo mpaka muda ukaisha na wakabuku tena kwa hiari yao.

Alama zangu: ya kwanza 4 kwa 5, moja nimeikata kwa karatasi zake na lile suala la SSH kugoma kwenye ruta za kale. Ya pili 2, na hizo mbili ni kwa sababu kasi yake ilikuwa nzuri na mchoro unasomeka hata kwenye simu.

Angalizo la mwisho kwa wanafunzi, "copy running-config startup-config" inaseva ndani ya raki na raki itafutwa. Kopi konfigi yako uiweke kwenye faili la maandishi kwenye kompyuta yako kabla saa haijafika sifuri, na semista ikikaribia kuisha shusha zote, maana akaunti zikifungwa mafaili yanakwenda nazo na tiketi ya kuyaomba hakuna atakayeijibu.